Mpelelezi na Mpiga Ramli

Filamu ya upelelezi yenye mgeuko mwishoni hupimwa aghalabu kwa swali moja tu: mtazamaji alishtuka au hakushtuka? Akishtuka, filamu husifiwa. Akiitambua siri kabla ya wakati, hudharauliwa. Kipimo hicho si cha kupuuzwa, kwani aliyelipa kiingilio ameahidiwa fumbo, na fumbo lililo wazi ni ahadi iliyovunjwa. Walakini mshtuko ni shahidi wa namna gani? Swali hili, ambalo kwingineko ni la wapenzi wa sinema peke yao, katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita limekuwa swali la uhai wa watu.

Huko Usukumani yupo mpelelezi wa zamani kuliko wa filamu, naye ni mpiga ramli. Mtoto amefariki ghafula, au ng'ombe wamekufa zizini, au mchimbaji amechimba miezi mingi na shimo lake halitoi dhahabu. Mwenye msiba huenda kwa mganga na shaka isiyo na jina, hurudi na jina. Jina hilo aghalabu si la mgeni wala la adui ajulikanaye, maana la namna hiyo lisingehitaji ramli. Ni la shangazi, la mama wa kambo, la ajuza wa nyumba ya pili. Mteja husema, "Kumbe ni yeye!" na katika neno hilo moja upelelezi hukoma. Kumbe ni neno tamu katika hadithi. Katika hukumu ni neno la kuogopwa, kwa kuwa lina nguvu ya kuzipanga upya kumbukumbu zote zilizopita, hata salamu ya jana ikaonekana kuwa hila. Hivyo ndivyo hasa mgeuko wa filamu ufanyavyo kazi yake.

Alama mashuhuri iliyowaponza vikongwe wengi wa nchi hiyo ni macho mekundu. Mpelelezi wa kweli angeanza kwa kuuliza wekundu huo umetoka wapi, na jibu lingempeleka jikoni. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilipoteza miti yake katika karne ya 20: vichaka vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ili kuirudisha miti na kuyafufua malisho ya ngitili. Kuni zilipoadimika, mabua na samadi kavu ya ng'ombe vilishika nafasi yake. Mwanamke aliyekaa na moshi huo tangu ujana wake, katika jiko lisilo na dirisha, hana ajabu akiwa na macho mekundu. Mgeuko wa namna hii haumfurahishi mtu, kwa kuwa hauleti mkosaji; waleta moshi. Mkosaji hutokea baadaye, siku kikongwe akatwapo panga, na mara nyingine huwa ni mrithi aliyelitamani shamba la mjane.

Kwa mizani hiyo yafaa kuitazama filamu ya Angel Heart, iliyoongozwa na Alan Parker na kutolewa mwaka 1987, kwa kuwa ndani yake mna upelelezi, uganga na dhamiri kwa pamoja. Kisa ni cha mwaka 1955. Mpelelezi wa kukodiwa wa New York, Harry Angel, anatumwa na tajiri aitwaye Louis Cyphre amtafute mwimbaji aliyetoweka, Johnny Favorite. Safari yampeleka New Orleans, kwenye waganga na matambiko, na shahidi baada ya shahidi aonekana ameuawa. Mwishoni yafunuliwa kwamba Favorite ni Angel mwenyewe, aliyejisahau nafsi yake, na mikono iliyoua ni yake. Dalili zilikuwapo tangu mwanzo. Hata jina la tajiri, likitamkwa upesi, ni Lusifa. Mgeuko huu una sifa moja isiyopatikana katika ramli: kidole chamrudia aliyekinyosha. Ramli haina desturi ya kumtaja mpiga ramli.

Mtu aweza kudai kwamba mpelelezi kuwa muuaji ni jambo la kubuniwa tu. Shinyanga yajua kuwa sivyo. Mwaka 1976, kufuatia mauaji yaliyofungamana na imani za uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu wengi ili kuwapata wauaji. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza. Wapelelezi waliwatesa watuhumiwa ili wakiri, na baadhi yao wakafa mikononi mwa wapelelezi hao. Waliotumwa kutafuta wauaji wakawa wauaji. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, na viongozi wengine kadhalika. Yeye mwenyewe hakuwatesa watu hao. Alijiuzulu kwa kuwa yalitendwa chini ya wizara yake. Mwaka 1985 alikuwa Rais wa nchi.

Tendo hilo lafanana zaidi na tamthilia ya Sophocles, ambayo Samuel Mushi aliitia katika Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode mwaka 1971, kuliko lifananavyo na filamu ya Parker. Edipode pia alimtafuta mkosaji akajikuta ni yeye. Alikuwa na udhuru mwema kuliko wote, yaani hakujua, wala hakujificha nyuma yake. Angel naye hakujua. Lakini filamu yamaliza kwa kumfanya Ibilisi kuwa mwenye kamba zote, na tambiko la kale, lililomtoa mtu sadaka ili Favorite aitwae nafsi yake, laonekana lilifanya kazi barabara. Hapo ndipo filamu ilipoanguka. Imemkamata mpelelezi, kisha ikaithibitisha ramli.

Itajibiwa kwamba huu ni mchezo, na kwamba hakuna aendaye sinema kutafuta imani. Pengine. Lakini hadhira si moja kila mahali. Katika nchi za machimbo zilienea hadithi kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu, na tangu 2007 watu waliuawa kwa ajili ya hadithi hizo. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu watu 3 adhabu ya kifo kwa kumuua mtoto wa miaka 14. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Kuipiga marufuku filamu kungekuwa upuuzi. Kuihukumu ni jambo jingine, na hukumu yaweza kutaja ni wapi mtengenezaji alichukua njia ya mkato.

Njia ndefu ilikwisha kupitwa na mwandishi wa Unguja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, Muhammed Said Abdulla aliwaacha watu wake waogope mizimu kadiri walivyotaka, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake, ambaye haridhiki na kumbe ya mtu yeyote mpaka aone mkono wa mwanadamu uliotenda. Msomaji hushtuka kwa Bwana Msa sawasawa na mtazamaji wa Angel Heart. Tofauti ni kwamba aweza kumrudia hatua kwa hatua na kumwuliza alijuaje, na kila mara akajibiwa.