Kwenda kwa Upole Juu ya Ardhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyegawa riziki kwa kipimo, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, imeletwa mbele ya darasa letu khabari ya mume na mke, wenyeji wa Mombasa, wanaokaa Kabiria, magharibi ya Nairobi, jirani na Riruta na Kawangware. Wote wawili wana kazi, na chumo lao lawatosha. Wamekubaliana wakae katika nyumba ndogo, waende kazini kwa miguu au kwa matatu, na wajapo Pwani kuwazuru wazee wapande gari la moshi, si ndege. Jamaa zao wameona haya. Husema: "Mtu wa kazi kama huyu hana hata motokaa! Watu watatusemaje?" Tena wamemshikilia mume achukue mkopo wa riba, anunue gari kabla ya harusi ya nduguye, ili aingie mtaani kwa heshima. Wameuliza: haki iko kwa nani?

Jawabu letu ni hili. Heshima ya Muislamu haipimwi kwa kipando chake. Katika Suratul Furqan, aya ya 63, waja wa Mwingi wa Rehema wametajwa, na sifa yao ya mwanzo ni kwenda juu ya ardhi kwa upole. Kisha katika aya ya 67 wamesifiwa kuwa watumiapo mali hawapiti mpaka wala hawafanyi choyo, bali husimama katikati ya mawili hayo. Basi mwendo wa mtu na matumizi yake yamefungwa katika sifa za watu wale wale.

Na tutazame siku ya Badri, mwaka wa pili wa Hijra. Waislamu walikuwa zaidi ya 300, na ngamia wao wapata 70. Wakawa wapokezana, watu watatu kwa ngamia mmoja. Mtume (S.A.W.) naye alishirikiana ngamia na Ali na Abu Lubaba. Ilipofika zamu yake ya kwenda kwa miguu, wenzake walitaka watembee badala yake. Akawakatalia, akawajulisha kuwa wao hawamshindi kwa nguvu, wala yeye si mwenye kujitosha na thawabu kuliko wao. Lau kushirikiana kipando ni aibu, nani angekuwa mbali zaidi na aibu hiyo kuliko yeye? Na nyumba ya binti yake Fatima na Ali ilikuwa na mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende, na kiriba cha maji, na jiwe la kusagia. Alipokwenda kuomba mtumishi kwa kuchoka na kusaga, alifundishwa yeye na mumewe tasbihi ya wakati wa kulala. Hatukusikia kuwa nyumba hiyo ilipungukiwa na utukufu.

Ama mkopo wa riba, hauna mjadala. Katika Suratul Baqara, aya ya 278 na ya 279, asiyeacha riba ametangaziwa vita vinavyotoka kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Je, yapasa mtu aingie katika vita hivyo ili atazamwe siku moja kwenye arusi? Sherehe hupita, na deni hubaki likila mshahara wa mume, na usingizi wa mke, na karo ya watoto.

Tena israfu si ya fedha peke yake. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimpitia Saad akitawadha, akamkataza kufuja maji, hata kama yuko kando ya mto unaopita. Na mito yetu yatuunganisha. Mto wa Nairobi hutoka kinamasi cha Ondiri, upande wa Kikuyu, hupita mjini, huungana na mto Athi, kisha huteremka kwa jina la Galana na Sabaki mpaka baharini kaskazini ya Malindi. Taka itupwayo huko juu yaweza kuwa mgeni wa mvuvi wa huku. Na mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa, nayo ndiyo maskani ya samaki. Moshi wa vyombo vyetu una sehemu katika kuzidi kwa joto la dunia, na Suratur Rum, aya ya 41, imekwisha kututahadharisha kuwa uharibifu wa bara na bahari ni chumo la mikono ya watu. Wazee wetu walisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Sisi hatuwezi kurudi huko kabisa, lakini gari la moshi, ambalo tangu 2017 lapita reli mpya ya Mombasa na Nairobi, huchukua mamia ya watu kwa safari moja, na sehemu ya mafuta impatayo kila msafiri ni ndogo kuliko ya ndege.

Lakini na hao mume na mke tuna la kuwaambia. Zuhudi si ubakhili. Hindi, mke wa Abu Sufyan, alipomshitaki mumewe kwa uchoyo, Mtume (S.A.W.) alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Basi mume asiyeitimiza nafaka ya mkewe, kisha akaita hilo kuwa ni uchaji, anajidanganya. Jambo hili ni jema kwa kuwa wamekubaliana wote wawili. Wala wasijione bora, kwani majirani wengi hapo Kabiria huenda kwa miguu kwa kukosa nauli, si kwa kuchagua. Suratul Israi, aya ya 26, kabla ya kukataza ufujaji, imeamrisha jamaa apewe haki yake, na maskini, na msafiri. Kilichookolewa katika nauli na fahari kina wenyewe.

Nasaha yetu kwa wazee ni hii: mtoto ajaye na mkoba mmoja, hana deni, na mkononi ana dawa ya mama yake, mpokeeni kwa furaha. Msimsukume katika haramu kwa kuogopa maneno ya mtaa.

Ewe Mola wetu, tupe kutosheka na ulichotujaalia, utuepushe na riba na ria, na uzitie baraka nyumba zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.