Mwili wa Kuazima

Mwalimu wa sanaa za maonyesho akimwambia mwanafunzi "niazime mwili wako", anaomba kitu ambacho shuleni kina wenyewe wengi. Sare ina kanuni, nywele zina kanuni, na kiganja kina mwenye ruhusa ya kukichapa. Mwenye mwili mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Nalifikiria hili tangu tuanze kuandaa vipande vya Kinjeketile na kidato cha tatu hapa Msimbu. Tunatumia maigizo ya mwili: maneno yanakuwa machache, kazi kubwa inafanywa na migongo, mikono, miguu na pumzi. Tamthiliya hiyo ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, na wengi wanaisoma kama habari za mbali, za Umatumbini na Mto Rufiji. Lakini pamba ya lazima iligusa Uzaramo mapema, mwaka 1902, enzi za Gavana von Götzen. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, watu wakalimishwa, na malipo ya mwaka mzima yakawa senti chache mno hata wapo waliokataa kuzipokea. Kisangire, alikokuwa jumbe Kibasila, imo ndani ya Kisarawe yetu hii hii. Huenda babu wa babu wa mtoto fulani darasani aliinama kwenye shamba lile.

Maneno hupita juu ya jambo kama hili kirahisi. Mwanafunzi akisema "tunateseka" kwa sauti ya kukariri, watazamaji wanasikia kipindi cha historia. Mwili hauna njia hiyo ya mkato. Ukiinama dakika tano ukichuma pamba isiyokuwepo, kiuno kinauma kweli, na jasho halijui kwamba huu ni mchezo.

Tulipofika kwenye wanyapara niliwagawa: hawa wanalima, hawa wanasimamia. Fimbo hakuna, ni ya kufikirika tu. Wasimamizi hawakuhitaji kufundishwa chochote. Fimbo isiyoonekana ikapimwa urefu, ikajaribiwa hewani, ikanyooshwa kuonyesha mtu pa kusimama. Na wakulima, karibu wote, wakatoa viganja mbele. Wavulana wawili wakageuka wakashika ukuta.

Zamani zile za pamba adhabu haikuwa ya kiganja. Mjerumani alimlaza mtu chini akachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na kiboko chenyewe kilikuwa ukanda wa ngozi ya mnyama yule wa mtoni aliyekipa jina. Neno tumebaki nalo, ingawa siku hizi kinachochapia ni fimbo ya mti wowote. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Viganja nilivyoviona siku ile havikuwa na habari na kitabu chochote.

Tuvifanye nini, basi? Mwalimu mwenzangu wa historia alisema tuwasahihishe: walale chini, waigize ilivyokuwa. Hoja yake ina uzito. Wafu wa Uzaramo hawawezi kujisemea, na tukiwavisha maumivu yetu tunakuwa tumewanyang'anya hata yale ya kwao. Mimi nilivutwa upande wa pili, nikitaka viganja vibaki, maana vilikuwa kweli kuliko kitu chochote tulichokuwa tumefanya muhula mzima. Lakini kweli ya nani, na nani kakubali isemwe? Mtoto alidhani anamwigiza mkulima wa 1905, kumbe anatoa ushahidi wa juzi, mbele ya wazazi na walimu waliokaa mstari wa mbele. Kuchukua ushahidi wa mtu ambaye hajui anautoa, halafu kupigiwa makofi kwa ajili yake, ni wizi. Hilo sitalilainisha.

Nimeambiwa pia kwamba pwani mwili umeonyeshwa hadharani siku zote, kwamba mwali wa Kizaramo akitoka ndani huchezwa watu wote wakiona. Ni kweli. Ila mwali naye hakuulizwa sana.

Kilichotusogeza mbele ni kanuni ya kawaida ya jukwaani, iliyowekwa kwa ajili ya usalama tu: anayepigwa ndiye anayeongoza. Mpigaji anainua mkono na kusubiri. Anayepigwa akianza kujikunja, ndipo mkono unashuka kumfuata. Anayeburutwa ndiye anayetembea, na mkono wa mburutaji umelazwa tu begani kwake. Nikawaeleza hilo, na nikawaeleza nilichokiona kwenye viganja vyao. Kila mmoja achague: abaki na kiganja, abadilishe, au atoke kwenye tukio lile. Mvulana mmoja aliomba apige ngoma. Hatukumuuliza sababu.

Wengi walibadilisha. Msichana mmoja, mpole wa kukaa nyuma, alibaki na kiganja chake. Mnyapara akainua mkono. Yeye hakuanza. Darasa likacheka, likaendelea kusubiri, kisha likaacha kucheka. Mkono wa mnyapara ulianza kutetemeka, na binti alikuwa bado anamtazama.

Mwenzangu wa historia anasema hilo halikutokea kwenye shamba lolote la pamba, na sina cha kumjibu isipokuwa kwamba Ebrahim Hussein naye anaimalizia tamthiliya yake kwa mtu aliyekwisha kupigwa, anayetakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Kama huko ni kuvuka mipaka ya kumbukumbu, basi tumevuka tukiwa na mwenyeji.

Jana yule binti alinifuata baada ya vipindi. "Mwalimu, na siku ya onyesho nisipoanza kabisa?"

Nikamwambia mnyapara itabidi asimame hivyo hivyo, mkono juu, mpaka yeye atakapoamua. Akaenda kumpa taarifa mwenzake, ambaye tangu asubuhi ya leo anafanya mazoezi ya mabega.