Nuru Isiyotumika

Huulizwa mara nyingi kitu kisichotumika kina thamani gani, na wengi hujibu upesi kuwa hakina. Jembe lisilolima ni chuma tu, na taa isiyomulikia kazi ni mafuta yaliyopotea bure. Lakini Wayahudi wana taa ambayo sheria yao yakataza kuitumia, nao huiwasha kila mwaka kwa siku nane, kuanzia tarehe 25 ya mwezi wao wa Kisleu.

Sikukuu hiyo ni Hanuka, iitwayo Kutabaruku katika Injili ya Yohana ya Kiswahili. Hukumbusha mwaka 164 kabla ya Kristo, Yuda Makabayo na wenziwe walipolitakasa hekalu la Yerusalemu lililonajisiwa na mfalme Antioko wa Nne. Habari ya mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane haimo katika vitabu vya Makabayo. Imo katika Talmudi, iliyokusanywa karne nyingi baadaye. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na taa ikabaki nyumbani, mikononi mwa baba, mama na watoto.

Usiku wa kwanza huwashwa mshumaa mmoja, wa pili miwili, hata kufikia minane. Pembeni hukaa mwingine uitwao shamashi, yaani mtumishi, ambao huwasha wenzake. Mtu akiona kitu kwa nuru ya hapo, huhesabiwa kuwa ametumia nuru ya mtumishi. Mingine ni ya kutazamwa tu. Shule ya Shamai ilitaka taa zianze nane zipungue, na shule ya Hileli ilitaka ziongezeke, maana katika mambo matakatifu mtu hupanda wala hashuki. Hileli walifuatwa, na hapana mtoto wa miaka minne ambaye angaliwapinga.

Kazi si haramu siku hizo. Katika Israeli shule hufungwa siku nyingi za Hanuka, lakini ofisi hazifungwi, na mzazi abakiye nyumbani na watoto wadogo huijua siku hiyo ilivyo. Viazi vilivyokunwa hukaangwa katika mafuta. Pia yenye herufi nne huzungushwa sakafuni. Ugomvi huzuka juu ya sarafu za chokoleti, ukaisha, ukazuka tena. Jua hutua bila jambo lolote kutendeka.

Mzazi mwenye bidii hujitetea kwamba mchezo umefunza hesabu na ugomvi umefunza subira. Utetezi huo ni wa kweli, lakini una sumu ndani yake, kwa kuwa humfanya mtoto kuwa shamba. Ikiwa thamani ya siku zake ni mavuno yatakayokuja, basi mtoto afaye kabla ya kukua aliishi bure. Na hapana mzazi akubaliye neno hilo. Kwa hiyo lazima iwemo katika siku za mtoto sehemu isiyodaiwa faida, mfano wa ile mishumaa.

Yawezekana kujibu kwamba hayo ni maneno ya walioshiba, kwani maskini hana nusu saa ya kutazama taa. Talmudi haikumsahau. Mwalimu Raba alisema kuwa mtu asiye na uwezo ila wa taa moja atangulize taa ya nyumba kuliko ya Hanuka, kwa ajili ya amani ya nyumbani. Taa itumikayo imepewa nafasi ya kwanza. Lakini sababu iliyotajwa si kazi wala chumo, ni kwamba watu wa nyumba wasikae gizani kwa huzuni. Matumizi yenyewe yamewekwa chini ya kitu kisichotumika, kama shamashi kati ya wenzake.

Linabaki jambo lililo gumu zaidi. Desturi ya zamani huwataka wanawake hasa waache kazi muda taa ziwakapo, yapata nusu saa, na wako wanavyuoni waliotaja sababu kuwa wokovu ulipita mkononi mwa mwanamke. Heshima hiyo ni kubwa. Hata hivyo, katika nyumba nyingi, kikaango na sahani humngoja mwanamke yule yule mishumaa ikiisha kuzimika.