Mlete Rafiki Yako Nimwone

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia kwamba likizo ya Pasaka wewe na rafiki yako mnataka kwenda Loiyangalani kwa gari, mpitie Marsabit na jangwa la Chalbi. Alitaka nikukanye. Sitakukanya. Njia hiyo niliipita miaka mingi nikiendesha lori la mahindi ya msaada, na kama magoti yangu yangekuwa na adabu ningeomba nafasi ya nyuma.

Ila Pasaka muiache. Mwezi wa nne ndio wa masika. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani za kale, na mvua ikinyesha hukumbuka asili yake. Juu utaona weupe wa chumvi, mkavu kama chapati iliyosahaulika kikaangoni, na chini yake ni tope. Nendeni Agosti.

Na lami isiwadanganye. Siku hizi kutoka Isiolo hadi Moyale, kilomita zaidi ya 500, unateleza tu. Sisi tulipangwa foleni pale kizuizini Isiolo tukisubiri askari wa kutusindikiza, kisha tukapita Archer's Post, mlima Ololokwe ukitutazama kushoto, mawe yakigonga chini ya gari hadi Laisamis. Abiria walikaa juu ya magunia wamejifunga vitambaa usoni. Ukifika Marsabit mzee anakusalimu, anakuuliza, "Kenya hali gani?" Alikuwa hatanii. Sasa mtafika Marsabit kabla ya chakula cha mchana, mtapanda kuona msitu ule alimokuwa akiishi ndovu Ahmed, yule aliyewekewa ulinzi na Mzee Kenyatta, kisha mtaanza kujiona madereva. Hapo ndipo hatari inapoanza, maana mkishaiacha lami kuelekea Maikona hakuna kituo cha mafuta cha kutegemea, na simu itakuwa saa tu ya kuangalia muda.

Maji, lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, kisha ongeza ya siku mbili ambazo hamkuzipanga. Matairi mawili ya akiba. Jeki mtie na kipande cha ubao mpana, kwa sababu jeki bila ubao mchangani huzama yenyewe na gari linabaki palepale. Mchangani punguzeni upepo wa matairi, na pampu msisahau ya kuurudisha. Kwenye laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, hata iwe kavu, msipige kambi. Mvua ya mlimani haitoi taarifa. Habari za njia na za usalama muulize dereva anayetoka kule mnakokwenda. Anayekwenda anajua matumaini yake tu.

Hayo yote hata mtu wa gereji angekuambia. Mimi nina neno kuhusu huyo rafiki.

Mwaka wa 1993 tulitoka Marsabit wawili, mimi na dereva mwenzangu, rafiki wa kula sahani moja, tukimpelekea mwenzetu springi za lori lililomkwamia North Horr. Usiku wa kwanza tukagombana. Alikuwa ameosha sufuria kwa maji ya kunywa. Nilimsema vibaya, naye akanijibu kwamba mimi hujifanya tajiri wa kila kitu. Asubuhi tukaondoka hatuongei. Yeye ndiye aliyeshika usukani, na tulipofika Chalbi akaiacha njia ya magurudumu ya zamani akakata katikati, pale palipong'aa. Niliona. Nilijua. Ulimi ulikuwa mdomoni, nikaunyamazisha, nikisema moyoni: acha aone.

Tulizama hadi ekseli.

Tulichimba mpaka saa sita. Jua la pale halichomi tu, linakukandamiza kichwa. Yeye akasimama, akaonyesha kidole, akasema anaiona mikoma ya Kalacha na maji yake, mwendo wa saa moja. Nami niliiona, mikoma imeelea hewani haina mashina. Yalikuwa mazigazi. Kila dereva wa kule anajua kwamba gari likikwama hukai mbali nalo: lina kivuli, lina maji, tena linaonekana kwa mbali kuliko mtu. Nilipaswa kumshika shati. Nikamwambia, "Nenda basi." Akachukua chupa moja akaenda.

Usiku ule sikulala. Niliwasha taa za gari mara kwa mara hadi betri ikachoka. Nilipiga kelele nikiita jina lake, na Chalbi haina hata jabali la kukurudishia sauti.

Alfajiri nikaona ngamia watatu, na juu ya mmoja kitu kilichoinama kama gunia. Aliyewaongoza alikuwa kijana Mgabra, wa umri wako huo, akitoka fora, kambi ya mbali ya malisho. Hakuniuliza jina wala safari. Alimshusha yule mtu taratibu, akamwegemeza kwenye gurudumu, akaniuliza kwa Kiswahili cha kukatakata, "Huyu ni wako?" Vile unavyomuuliza mtu kuhusu mbuzi aliyepotea.

Nikasema ni wangu.

Akatupa maziwa ya ngamia kutoka kwenye chombo kilichofukizwa moshi. Mpaka leo nikinusa moshi wa kuni huwa nayaonja. Rafiki yangu alipona, tukavutwa tukafika. Hatujawahi kuyazungumzia yale maneno yangu mawili. Yeye huwasimulia watu kwamba alikuwa mkaidi, nami hunyamaza.

Kwa hiyo kabla hamjaondoka, kubalianeni nani ana sauti ya mwisho ya kurudi nyuma. Mimi nasema awe nayo yule mwoga zaidi. Akisema turudi, gari linageuzwa bila mjadala. Mkigombana, msilale na ugomvi. Na majani ya chai na sukari mbebe ya kugawa. Mtu wa kule hawezi kukupita jangwani, na ni aibu umkaribishe mikono mitupu. Mkifika ziwani Loiyangalani kwa Waelmolo ombeni kabla ya kupiga picha, na hema mlifunge kwa mawe, maana upepo unaoshuka mlima Kulal usiku hauna simile. Si bure wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo upande ule.

Jumapili mlete huyo rafiki yako hapa nyumbani. Nimetoa tairi moja la pikapu, nitampa spana na jua la saa nane alirudishe, na wewe ukae kando umwelekeze. Mimi nitakuwa kibarazani na chai yangu, nikiwasikiliza.