Karafuu Haisafishi Kinywa

Wajukuu zangu, nawaona mnavyoziba midomo kwa kiganja mkicheka, na mnavyotafuna karafuu au bigijii kabla ya kuingia kwenye usaili wa kazi. Karafuu hufunika harufu kwa muda tu. Kinachonuka kinabaki palepale. Sikilizeni niwaambie kilipo.

Wengi husingizia tumbo, lakini mara nyingi harufu hutoka kinywani, hasa nyuma ya ulimi. Simama mbele ya kioo asubuhi, toa ulimi wote, tazama kule karibu na koo. Utaona utando mweupe au wa manjano. Ni mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria waliojificha mahali hewa isipofika vizuri. Bakteria hao wakivunja protini hutoa gesi za salfa, na mojawapo ndiyo inayonuka kwenye yai viza. Mate ndiyo huosha kinywa, na usiku hupungua. Ndiyo maana hakuna anayeamka na kinywa kinachonukia. Basi asimcheke mtu mwenzake.

Pigeni mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa dawa yenye floraidi. Wa usiku msiuache hata mkirudi mmechoka. Kisha ulimi: weka kikwangulio, au ukingo wa kijiko kama huna, nyuma kadiri unavyoweza bila kutapika. Vuta taratibu kuja mbele, suuza, rudia. Usikwangue mpaka damu itoke. Pitisha uzi kati ya meno, maana nyuzi za nyama hukwama pale zikaoza. Mnaotumia mswaki wa mti, endeleeni. Ncha ikichakaa ikateni, mtafune mpya. Kunyweni maji ya kutosha. Sigara na ugoro viacheni kabisa: vinanuka vyenyewe na vinaharibu fizi. Pombe nayo hukausha kinywa.

Yapo yaliyo nje ya uwezo wa mswaki. Fizi zikitoka damu, jino likitoboka, au ukoga ukiwa mgumu kama jiwe, nenda kwa daktari wa meno. Usingoje maumivu. Utando mweupe ambao ukiufuta unaacha wekundu unaouma huenda ni fangasi, nao una dawa yake. Na pumzi ikinukia kama matunda, huku una kiu kali na unakojoa mara kwa mara, wahi hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni kisukari.

La mwisho. Mtu hazisikii harufu zake, pua yake imeshazizoea. Kwa hiyo mwenzako akinuka mdomo, msimsengenye. Mmoja wenu amwite pembeni, amwambie kwa upole wakiwa wawili tu. Wewe nawe ukiambiwa, usinune. Aliyekwambia amekutakia heri kuliko wanaokucheka ukishaondoka. Mungu awape afya, wajukuu zangu.