Nani Amwambie Bibi?

Swali ninalotaka tulitafakari ni dogo ukilitazama juu juu. Je, ni haki mtu aonywe, afundishwe na atangaziwe mambo yanayohusu uhai wake kwa lugha asiyoielewa vizuri, hali lugha anayoielewa ipo na wasemaji wake ni mamilioni? Kwetu Kishapu swali hili lina jina la lugha, nayo ni Kisukuma, na lina chombo chake, nacho ni redio.

Nianze kwa kukipa Kiswahili sifa yake, maana hata maandishi haya nayaandika kwa Kiswahili. Tangu John Williamson alipogundua almasi pale Mwadui mwaka 1940, eneo letu limepokea watu wa kila upande wa nchi. Mnyiramba, Mhaya, Mnyamwezi na Mchaga walifanya kazi zamu moja na Msukuma, wakazikana na kuoana. Wangesemezana kwa lugha gani? Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilipata bahati ambayo majirani wengi hawakuipata, na redio ilikuwa mwalimu mkuu wa bahati hiyo, tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 hadi Radio Tanzania tuliyokua nayo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Watafiti waliiacha Dodoma bila mchezo huo kwa muda wa miaka miwili ili walinganishe, na wakaona kwamba mahali mchezo uliposikika watu wengi zaidi walianza kupanga uzazi. Mchezo ule ulikuwa wa Kiswahili. Basi mtu asije akasema kwamba Kiswahili hakifiki kijijini. Kinafika. Tofauti yetu ni juu ya kufika kwa nani.

Kuna bibi mmoja, jirani yetu upande wa Mhunze, ambaye amelea wajukuu wanne kwa kuuza karanga na kulima pamba. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Jioni moja nilikuwa nimeketi uani kwake, redio ikitangaza habari ya chanjo ya mifugo. Tangazo lilikuwa refu, lenye siku, mahali na dalili za ugonjwa. Lilipokwisha bibi alimgeukia mjukuu wake, kijana wa darasa la sita. “Wamesema nini?” Kijana akajibu kwa Kisukuma, “Mayu, wanasema ng'ombe wachanjwe.” Bibi akauliza ni siku gani. “Watasema tena,” akajibu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yanangoja mpira. Niliwaeleza mimi, na jambo likaisha. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nililiwaza sana. Bibi huyu ndiye mkuu wa kaya ile, ndiye anayeamua auzwe ng'ombe yupi na shamba lilimwe lini. Mbele ya redio, hata hivyo, ukubwa wake unahamia kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye anachagua neno la kumpa na neno la kumnyima. Hamnyimi kwa ubaya. Anamnyima kwa sababu yeyote anayepewa kazi ya kuwa mlango hufika siku akachoka kufunguka.

Wapo wanaosema, naye ajifunze. Nimeisikia kauli hiyo kwa watu waliosoma, tena wengine ni watoto wa akina mama kama huyu. Siipendi. Mwanamke ambaye utotoni mwake alichunga ndama wakati kaka zake wakienda shule hawezi kugeuziwa deni akiwa na miaka sabini. Mwenye habari ya kuokoa uhai ndiye mwenye wajibu wa kuifikisha, kama vile anayeona moshi kwenye paa la jirani asivyomwuliza kwanza kama amesoma.

Wasukuma walilijua hilo zamani. Ukitokea wizi, moto au mnyama mkali, hupigwa mwano, yowe la kuomba msaada, na kila asikiaye ana wajibu wa kuliitika na kukimbilia. Sungusungu walipojiunda mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliutumia mwano huohuo. Hauhitaji mkalimani. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya majirani. Siku ya namna hiyo ndipo mtu anapoona kwamba lugha ya tangazo si suala la mapambo. Baada ya tope kupita huja maelezo: usinywe maji haya, usilime hapa, jiandikishe pale, saini hapa. Kila moja ya sentensi hizo ina uzito, na nusu yake ikipotea njiani hasara ni ya mtu.

Hata hivyo si tope lililonifanya nishike kalamu, ni vikongwe. Msomaji wa Shinyanga hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wengine. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, mara nyingi ushahidi ukiwa ni macho mekundu tu, macho yaliyokwiva kwa moshi wa samadi na wa kuni mbichi jikoni. Kuanzia mwaka 2007 hivi tukaongezewa aibu nyingine, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Serikali ilikemea, ikakamata, na Januari 2015 ikapiga marufuku ramli chonganishi. Makemeo hayo yalikuja kwa Kiswahili safi, redioni na kwenye mikutano. Sasa tazama upande wa pili. Neno linaloanza kumwua bibi kizee halisemwi kwa Kiswahili. Husemwa kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, msibani au kilabuni, na mtu anayefahamika: “Mtoto wa fulani amekufa ghafla, na yule bibi alipita pale.” Linasemwa kwa lugha ya methali, ya nyimbo za kulima, ya kubembelezea watoto. Shutuma ina lugha ya mama, na utetezi una lugha ya ofisini. Sidai kwamba lugha pekee ndiyo huua au kuokoa. Ardhi, urithi na wivu vimo ndani yake, na mganga mwenye njaa yumo. Ila nasema kwamba tumempeleka wakili mahakamani akiwa amefungwa mdomo nusu.

Kanuni zetu za utangazaji zinataka kituo kitumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine haipiti pasipo kibali. Tangu milango ilipofunguliwa kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 tumepata vituo vingi, kama Radio Free Africa ya Mwanza, na hapa Shinyanga tuna Radio Faraja ya jimbo la Kanisa Katoliki. Jambo linalonishangaza kidogo ni kwamba Kiingereza, ambacho bibi yule hajapata kusikia hata salamu yake, kina ruhusa ya kuingia uani kwake saa yoyote.

Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wajinga, wala sitaki kuwafanyia dhihaka. Walikuwa wamesikia RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza Julai 1993 na mwaka uliofuata ikawataja watu kwa majina ili wauawe. Aidha, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 vituo vya lugha za makabila nchini Kenya vilinyoshewa kidole, na mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague, ambako kesi ilisitishwa Aprili 2016. Mtu mwenye kuogopa ana haki ya kuogopa. Lakini tuiangalie mifano hiyo kwa makini, kwa sababu haisemi neno moja. RTLM haikutumia lugha ya kabila moja dhidi ya jingine. Ilitumia Kinyarwanda, lugha ya Wanyarwanda wote, waliouawa na waliowaua. Nchi yenye lugha moja ndiyo iliyochinjana. Kwa hiyo lugha moja si kinga, na anayetuambia kwamba ni kinga anatulaza usingizi.

Mfano wa Kenya ni mgumu zaidi, na sitaukwepa. Hatari yake ilikuwa ya namna nyingine: neno kusemwa hewani, mbele ya maelfu, hali jirani wa kabila jingine halisikii na serikali nayo haina sikio la kulielewa. Redio ya lugha ya mama inaweza kuwa chumba chenye mlango uliofungwa. Nikiwaza kituo cha Kisukuma mikononi mwa mtu anayeuza muda kwa waganga, nywele zinanisimama. Mnong'ono wa kilabuni ungepewa mnara. Hoja hii naiheshimu. Ila tiba ya chumba kilichofungwa ni kuweka dirisha na mtu wa kusikiliza, na wanaokijua Kisukuma wamejaa serikalini, mahakamani na vyuoni. Hatukosi masikio.

Wamarekani walikutana na swali hilihili kwa sura nyingine. Katika bonde la kati la California, mahali zabibu na mboga zinapochumwa na mikono ya watu waliotoka Meksiko, Hugo Morales, mtoto wa vibarua wa mashambani aliyefika Harvard, alishirikiana na wenzake kuanzisha Radio Bilingüe mjini Fresno. Ilianza kusikika tarehe 4 Julai 1980, sikukuu ya uhuru wa taifa hilo, ikitangaza kwa Kihispania na Kiingereza. Kwa mchuma zabibu ilikuwa ni habari za dawa za kunyunyizia, mshahara, shule na zahanati, kwa maneno asiyohitaji kutafsiriwa na mwanawe. Nao waliambiwa kwamba wajifunze Kiingereza. Na mwaka 2025 Bunge la nchi hiyo lilipofuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa za utangazaji wa umma, vituo vya namna hiyo vilikuwa miongoni mwa vilivyoguswa.

Lakini jambo la Fresno lililonifundisha zaidi ni jingine. Morales mwenyewe ni Mmixteco, mzaliwa wa Oaxaca, na kwa Wamixteco wengi Kihispania ndicho lugha ya ofisi, ya padri na ya polisi. Kile kilichokuwa ukombozi kwa kibarua mmoja kilikuwa ukuta kwa kibarua mwenzake kwenye mstari uleule wa mizabibu. Basi kituo kikaweka kipindi cha Kimixteco pia. Nilipolijua hilo nilifikiria Geita. Wasukuma wamehamia huko kwa vizazi kadhaa kufuata malisho, pamba na dhahabu, na leo Kisukuma kinasikika kuliko Kizinza na Kilongo katika ardhi ya Wazinza na Walongo wenyewe. Redio ya Kisukuma huko ingekuwa haki kwa bibi mmoja na uzito mwingine kwa bibi wa pili. Anayedai haki ya lugha yake lazima aulizwe atafanya nini na lugha iliyo ndogo kuliko yake. Mimi nimejiuliza, na jibu langu ni kwamba Mzinza naye apewe saa yake, hata kama wasikilizaji ni wachache na biashara hailipi.

Kwamba jambo hili linawezekana pasipo kuvunja taifa, Shinyanga inao ushahidi wake. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti katika nchi iliyokuwa karibu kugeuka jangwa, haukuanza na neno la kigeni. Ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho hadi kiangazi, ambayo uhamishaji wa watu vijijini miaka ya 1970 ulikuwa umeivuruga. Wazee walilielewa neno kabla bwana misitu hajamaliza sentensi. Leo ngitili imeandikwa katika taarifa za serikali na za mataifa, bila kufasiriwa, na hakuna Mtanzania aliyepungukiwa utaifa wake kwa sababu hiyo.

Ninachoomba si kituo kizima. Ni saa moja ya jioni, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini na akina mama wamekaa. Habari za wilaya kwa Kisukuma, bei ya pamba, chanjo, mvua, na mtu wa kusema waziwazi kwamba macho mekundu ni moshi. Kisha maneno yaleyale yarudiwe kwa Kiswahili, ili mwalimu kutoka Kigoma na Mhaya wa Mwadui wasikie kilichosemwa. Waganga na wanasiasa wasiuziwe hata dakika. Yule kijana ataendelea kusikiliza mpira wake baadaye, na bibi akitaka kumwuliza kitu kuhusu tangazo, atamwuliza kama amelisikia vizuri.