Gia Haina Nusu

Wanandoa wana njia nyingi za kugawana. Kitanda kinagawanywa kwa upande. Chumvi ya mboga inatafutiwa mahali kati ya ulimi wa huyu na wa yule. Mtoto anapewa jina la bibi wa huku, na wa pili anapewa la babu wa kule. Hata ugomvi wa sikukuu italiwa kwao nani huisha kwa zamu. Lakini gari lina pedeli tatu au lina pedeli mbili. Hakuna gari lenye klachi Jumatatu hadi Jumatano. Mmoja akipata, mwenzake amekosa, na ataishi na kukosa huko kila asubuhi mpaka gari liuzwe.

Kwa gari la kawaida swali hili limekwisha kujijibu. Ingia yadi yoyote ya Dar es Salaam, tazama magari madogo yaliyoshushwa kutoka Japani: karibu yote ni otomatiki na hakuna anayegombana. Hiace za daladala na malori zina klachi kwa sababu za kikazi. Ugomvi umebaki kwenye gari la mwendo, lile ambalo mtu analinunua huku akijua kabisa kwamba jingine la nusu ya bei lingemfikisha kazini vilevile. Hapo gia ni sehemu ya sababu ya kulinunua.

Sisi tulitaka Altezza. Toyota waliitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, injini mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na mjini hapa bado zinaonekana, nyingine zimepakwa rangi ambazo Wajapani hawakuzifikiria. Ile iitwayo RS200 ina injini ya lita mbili. Yenye gia za mkono ina gia sita na nguvu za farasi 210. Ya otomatiki ina gia tano na nguvu za farasi 200. Nazitaja namba hizo kwa sababu zilitajwa nyumbani kwangu kwa wiki sita. Farasi kumi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwahisi farasi hao, lakini walikuwa wageni wetu wa chakula cha jioni kila siku.

Anayetaka gia za mkono alikuwa mimi. Nalisema mapema kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki msikilizaji huwa ameshampa mume wangu nafasi yangu. Nilijifunza kuendesha upande wa Iringa, kwenye Land Rover ya baba, ambayo klachi yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba nilikuwa nanyanyuka kwenye kiti ili niikanyage. Mume wangu ni mtoto wa mjini. Alijifunza akiwa amepita miaka thelathini, kwa otomatiki ya rafiki yake, kwenye viwanja vya wazi siku za Jumapili.

Hoja zetu zilikuwa nzuri. Mimi nilisema mafuta: ndani ya otomatiki ya namna ile, nguvu ya injini hupita kwanza kwenye mafuta yanayozungushwa, na sehemu yake hupotea ikawa joto, wakati klachi ikishashika imeshika. Nilisema pia ukarabati, kwamba klachi ikiisha fundi wa mtaani anaibadilisha, ilhali giaboksi ya otomatiki ikifa wengi hutafuta nyingine nzima. Yeye akasema foleni. Mwenge hadi Posta saa moja asubuhi, mguu wa kushoto unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, na goti lake la mpira wa ujanani. Akasema bei ya kuuzia. Kila mmoja alikuwa akileta karatasi, simu, binamu anayejua magari. Mama mkwe, alipoulizwa, alitaka kujua tu gunia la mchele litakaa wapi.

Nilizitumia hoja zile na ningezitumia tena, maana ndizo zinazosikilizwa. Ukikaa kuzungumzia fedha za nyumba, kuna lugha inayokubalika na kuna isiyokubalika. "Linakula mafuta kidogo" inakubalika. "Nalitaka" ni ya kitoto.

Lakini tazama kilichotokea katika dunia ya magari yenyewe, maana wenye viwanda walipita njia hiyohiyo. Zamani gari la gia za mkono lilikuwa na sababu: lilikuwa jepesi, la bei nafuu, la haraka zaidi kuliko la otomatiki. Sababu hizo zimekufa moja baada ya nyingine. Porsche walipoiweka kwenye 911, mwaka 2008, giaboksi yao yenye klachi mbili, klachi moja ikishughulikia gia za namba witiri na nyingine za namba shufwa, gia inayofuata inakuwa tayari imeshaandaliwa kabla hujaiomba. Mkono wa binadamu hauwezi kuifikia kasi hiyo. Kwa hiyo mwaka 2013 walitoa 911 GT3, gari lililokusudiwa wapenda kuendesha hasa, bila klachi ya mguu kabisa. Kwa hesabu walikuwa sahihi. Wapenzi wa gari hilo wakalalamika kwa miaka. Mwaka 2016 ikaja 911 R, ya gia za mkono tu, magari 991, na mwaka uliofuata GT3 nayo ikarudishiwa chaguo hilo. Toyota waliirudisha Supra mwaka 2019 ikiwa otomatiki tu, na 2022 wakatangaza ya gia za mkono. Hakuna hoja mpya iliyokuwa imepatikana katikati. Otomatiki haikuwa imepungua kasi. Watu walisema wanaitaka, na kutaka kwao kukatosha.

Nalipenda tukio hilo kuliko magari yenyewe. Linaonyesha kwamba leo anayetetea gia za mkono kwa hoja ya faida anatetea kwa silaha iliyopigwa kutu. Kilichobaki ni raha: ule mkato wa klachi, mkono na mguu kukutana mahali pamoja, injini kukwambia kwa sauti kwamba sasa inatosha, nibadilishe. Raha hiyo haina matumizi. Swali basi ni kama mtu ana haki ya kuiweka raha isiyo na matumizi ndani ya kitu cha wawili.

Na hapa mizani haiko sawa. Nchini Uingereza, aliyefaulu mtihani wa udereva kwa gari la otomatiki leseni yake haimruhusu kuendesha la gia za mkono, ila aliyefaulu kwa gia za mkono anaendesha yote mawili. Sheria hiyo imeandika tu jambo ambalo kila nyumba inalijua. Otomatiki haimfungii mtu mlango. Gari la klachi linamfungia asiyeijua. Kama ningeshinda, mume wangu angekuwa abiria katika gari alilolilipia nusu. Kama angeshinda yeye, mimi ningeendelea kuendesha, nikiwa nimepungukiwa na kitu ninachokipenda. Kukosa ladha na kukosa funguo si hasara za uzito mmoja. Hata asiye na elimu ya falsafa anaiona tofauti hiyo.

Hii ndiyo ilikuwa hoja yenye nguvu kuliko zote mezani, na ilikuwa yake. Katika wiki sita hakuitumia hata mara moja.

Hakuitumia kwa sababu ili kuitumia ilibidi kwanza aseme "siwezi." Mjini kwetu dereva wa otomatiki, akiwa mwanamume, hutaniwa. Gari la pedeli mbili huitwa gari la akina mama, na anayelitania ni mtu ambaye naye anatamani goti lake lipumzike. Mwanamume atakueleza foleni, bei na spea hadi usiku wa manane kabla hajakwambia kwamba klachi imemshinda, na hasa hatamwambia mke ambaye klachi haijamshinda. Nadhani nyumba nyingi zinagombana namna hii, kwa hoja za pili na za tatu, kwa kuwa ile ya kwanza imefungiwa ndani na aibu.

Ilitoka siku umeme umekatika, ambapo watu huongea kwa namna nyingine. Alisema, "Mke wangu, mimi lile siliwezi. Nilijaribu gari la kazini, likanizimikia Ubungo katikati ya barabara, kondakta wa daladala akashuka kuniangalia. Sitaki unifundishe. Sitaki kuwa nakuomba unipeleke." Nami nikasema, "Mimi nalitaka. Halina faida yoyote. Nalitaka tu." Mazungumzo ya wiki sita yakaisha kabla mshumaa haujafika nusu. Tukanunua la otomatiki.

Nataka niwe makini na neno hapa. Hakunishawishi. Aliyeshawishika hana alichotoa. Amebadili mawazo tu, kama anayeona mvua akageuka kuchukua mwavuli. Mimi sikubadili mawazo. Niliendelea kulitaka lile jingine, na nalitaka mpaka leo. Kila tunapokwenda nyumbani na kuukwea mlima Kitonga nyuma ya malori, mguu wangu wa kushoto unasogea wenyewe kutafuta kitu ambacho hakipo. Niliachia. Na kwa kuwa niliachia nikiwa bado natamani, mume wangu anajua alipewa kitu. Angeshinda kwa farasi kumi na bei ya kuuzia, asingekuwa na deni lolote kwangu, angekuwa tu amepatia hesabu. Deni hilo sijawahi kulidai na sijui lingelipwa kwa sarafu gani, lakini liko ndani ya gari pamoja nasi, na silioni kuwa kitu kibaya.

Kuna rafiki yangu mmoja, mama mwenye akili kali, aliyenisikiliza hadi hapo akasema: hiyo falsafa yako ya "nataka" ni ya nyumba yenye usawa. Nenda kwenye nyumba ambayo "nataka" ya mtu mmoja ndiyo imekuwa sheria tangu siku ya harusi, umwambie huyo mtu aseme anachotaka bila hoja. Ameshakisema miaka yote. Hoja za mafuta na spea, alisema, ndizo fimbo pekee ambayo mwanamke katika nyumba ile anaweza kuishika bila kuambiwa ana kiburi.

Sina jibu kamili kwa hilo, kwa kuwa ni kweli. Ninachoweza kusema ni kwamba zamu ya kusema ina uzito wake. Aliyezoea kusikilizwa asubiri. "Nataka" ikitangulia kutoka kwa mwenye nguvu inafunga mjadala. Ikitangulia kutoka kwa aliyezoea kumeza, inaufungua. Mume wangu alitangulia kusema hawezi, na katika jambo la klachi yeye ndiye aliyekuwa dhaifu kati yetu, ndiyo maana langu halikumponda.

Lakini rafiki yangu alinifanya nimfikirie mama. Land Rover ile ilikaa nyumbani kwetu zaidi ya miaka ishirini. Baba aliniruhusu mimi, akawaruhusu kaka zangu, hata kijana wa kutuchungia ng'ombe aliwahi kuisogeza. Mama alikaa kiti cha abiria, kikapu mapajani. Alizijua gia zote kwa masikio. Tukianza kupanda mlima alikuwa anasema, bila kugeuza uso, "Baba, shusha," na baba alikuwa anashusha gia, na kila mara ilikuwa ndiyo sekunde yenyewe. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu anayejua wakati wa kubadilisha gia kuliko dereva hajawahi kuushika usukani. Hakukuwa na mazungumzo yoyote kuhusu gari lile, ya hoja wala ya matakwa. Baba alilinunua, likafika, tukashangilia.

Mwaka huu, baba akiwa ameshatangulia, nilimuuliza mama kama alikuwa anataka kuendesha. Alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Nani aliniuliza?" bila uchungu wowote, kama mtu anayejibu saa ngapi. Kisha baada ya muda akauliza kama hili letu kweli halina klachi. Nikamwambia halina. Akauliza linajuaje wakati wa kubadilisha. Nikamweleza nilivyoweza, kwamba linasikiliza kasi na namna unavyokanyaga mafuta. "Linasikiliza," alisema, akatikisa ungo.

Jumapili baada ya ibada nitampeleka uwanja wa shule ya msingi, wakati watoto hawapo. Ametaka kujua avae viatu gani, na mguu wa kushoto utakuwa unafanya nini. Nimemwambia hautafanya kitu, utatulia tu.